Tekken 8 haitaki mtu ajilinde

Ukiingia kwenye pigo linalowasha Heat, ile hali ya muda ya kushambulia kwa nguvu, katika gemu ya kupigana ya Tekken 8, mpinzani anakukimbilia mpaka puani akiwa na fremu 17 za bure. Gemu inakwenda fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, kwa hiyo hizo 17 ni robo sekunde na ushee. Utasema robo sekunde ni kitu gani. Haya, tupige hesabu. Ngumi ya haraka ya mkono wa kushoto, ile ya kitufe cha mraba, hufika kwa fremu 10, na mpiganaji wa kawaida hana kitu cha haraka zaidi ya hapo. Mwenzako ameanza fremu 17 kabla yako. Ngumi yako itatua fremu ya 27 kwa saa yake, maana yake pigo lake lolote la fremu 26 kushuka limeshakukuta. Na ndani ya fremu 26 kunaingia karibu kila alichonacho: teke la kukurusha angani, teke la chini la kukuangusha, kukukamata na kukubwaga. Wewe umebakiwa na kazi ya kubahatisha. Ukisimama, unakula la chini au unakamatwa. Ukichuchumaa, unakula la kati na unarushwa. Ukikosea karibu na ukuta, nusu ya damu imekwenda, na bado hujabonyeza kitufe hata kimoja.

Ugomvi wangu na gemu hii uko hapo. Kuna duka, kuna pasi ya kulipia, kuna wapiganaji wanaouzwa mmoja mmoja, na nitagusa baadhi yake, ila hayo ni maudhi ya kawaida ya gemu za siku hizi, ukilalamika unachekwa. Fremu 17 zinagusa chenyewe kilichofanya Tekken iwe Tekken.

Chukua Kazuya, mtu ambaye alikuwamo kwenye gemu ya kwanza. Lile teke lake la kufagia linapigwa hivi: mbele, achia, chini, chini-mbele pamoja na duara. Ni la chini, linakuja haraka, na likikupata unaanguka. Kwa macho tu huwezi kuliona na kulizuia kila mara, inabidi umsome mtu. Lakini ukilisoma na kulizuia, Kazuya anabaki nyuma takriban fremu 23, ameduwaa. Karibu kila mpiganaji ana pigo la kuinukia linalomrusha kwa muda mfupi kuliko huo, na kombo yake, mapigo yanayofuatana, inakula theluthi ya damu. Kwa hiyo anapofagia anaweka dau, nawe unapochuchumaa unaweka dau, na madau yanakaribiana. Ngumi yake ya umeme, mwendo uleule ila ukibonyeza pembetatu kwenye fremu ileile unapofika chini-mbele, ni tamu zaidi: hata ikizuiwa yeye ndiye anabaki mbele fremu 5. Nayo ina dawa. Ni pigo la juu, ukiwa umechuchumaa linapita hewani, halafu unainuka naye.

Tekken nzima ilijengwa kwa mapatano ya namna hiyo. Pigo likiwa zito, lina shimo, yaani muda wa kuadhibiwa likizuiwa. Likiwa la haraka, halina nguvu. Aliyekaa na pedi akajifunza mashimo ya wenzake alikuwa na haki ya kusubiri. Akishazuia, anaangalia amebaki mbele kwa kiasi gani: fremu 10, anatoa ngumi mbili, 12 hadi 14, anatoa kitu kinachouma, 15 na kuendelea, anamrusha. Mchezaji wa namna hii watu walikuwa wanamwita mwoga, kisha wanatoka kwenye kiti na yeye anabaki. Mvumilivu alikuwa anakula mbivu kwelikweli.

Sasa tazama Heat inavyoyavunja mapatano hayo. Kila mpiganaji anaipata mara moja kwa raundi, inadumu kama sekunde 10. Njia ya kwanza ya kuiwasha ni Heat Burst, pembetatu na msalaba kwa pamoja, au R1 kama hujabadilisha vitufe. Burst ina ngao: ukimpiga la juu au la kati akiwa katikati ya mwendo, anapokea na kuendelea kuja. Ukiizuia, bado yeye yuko mbele fremu 1. Njia ya pili ni yale mapigo maalumu, Heat Engager, ambayo kila mpiganaji anayo kadhaa na ndiyo yanayoleta zile fremu 17. Akishakuwa ndani ya Heat ana milango miwili. Heat Smash ni pigo moja kubwa linalomaliza Heat yote. Heat Dash nayo inamaliza Heat yote, lakini iangalie vizuri: anapiga Engager, unazuia sawasawa kabisa, anakata mwendo kwa kukimbia mbele, na badala ya wewe kumwadhibu, yeye ndiye yuko mbele fremu 5. Kama Engager ilikupata, Dash inakurusha na kombo inaanza.

Narudia hilo la kuzuia kwa sababu ndilo linalouma. Umekaa kwenye mazoezi, umejifunza kwamba pigo fulani la mpiganaji kama Paul au Law lina shimo la fremu kadhaa, umelisubiri, umelizuia. Zamani hapo ulikuwa unalipwa. Leo unalipishwa. Na kuna ushuru mwingine juu yake: ndani ya Heat mapigo yake yanakumega damu hata ukiyazuia. Ile damu inabaki na rangi hafifu kwenye mstari, unaweza kuirudisha, lakini njia ya kuirudisha ni kumpiga yeye, hata kama atazuia. Yaani aliyejilinda vizuri anapoteza damu, na ili aipate lazima aache kujilinda. Ukiunganisha na Rage Art, ambayo inafunguka ukibakiwa na kama robo ya damu, nayo ina ngao, inatoka kwa fremu 20 tu na inaweza kugeuza raundi nzima, unapata pambano ambalo saa yake inasema sekunde 60 lakini dakika nzima haifiki kamwe. Mmoja ametumia Heat, mwingine ametumia Heat, mmoja kajaribu Rage Art, basi.

Kabla haijatoka, waundaji hawakuficha. Neno walilolitangaza kila mahali lilikuwa kushambulia, na wanaocheza wakasema sawa, Tekken 7 mwishoni ilikuwa imelala kidogo, watu wanarudi nyuma raundi nzima wakisubiri kosa moja. Nakubali. Nakubali pia kwamba mengine waliyafanya vizuri kuliko mtu yeyote. Kwenye 7, kuona namba za fremu kwenye skrini ilikuwa kitu cha kununua. Kwenye 8 ni bure, na ukifungua marudio ya pambano lako unaweza kusimamisha pale ulipokosea, ukashika pedi, ukalicheza upya palepale. Hicho peke yake kinastahili shukrani. Kila shule ya gemu za kupigana ingekuwa na kitu hicho miaka 20 iliyopita tungekuwa mbali.

Kisha ukaja msimu wa pili, 1 Aprili 2025. Tarehe yenyewe, Siku ya Wajinga.

Mwaka mzima wachezaji walikuwa wanalia jambo lilelile, la kubahatisha kupita kiasi, na waliojenga gemu walionyesha kuelewa: msimu wa pili ungempa anayejilinda kitu cha kushika. Apdeti ikashuka. Watu wakafungua orodha ya mabadiliko, ndefu kama khanga ya doti, wakakuta kinyume chake. Karibu kila mpiganaji amepewa mapigo mapya ya kukimbilia mbele, mengi yakizuiwa hayaachi shimo, mengine yanamwingiza anayepiga kwenye mkao ambao kutoka hapo ni kubahatisha tena. Mbaya zaidi ni kile kilichofanywa kwa udhaifu. Mpiganaji aliyekuwa na mapigo mazuri lakini anashindwa na mtu anayesogea pembeni, alipewa la kukata pembeni. Aliyekosa pigo la chini la maana, alipewa. Aliyekuwa mzito wa kukaribia, akapewa mbio.

Mtu asiyecheza anaweza kuona hiyo ni haki, kila mtu kapewa anachokosa. Fikiria timu ya mpira ambayo kila mchezaji ana kasi ileile, urefu uleule na mguu uleule wa kushoto. Utajipanga vipi dhidi yake? Kusogea pembeni ndiyo ilikuwa silaha ya bei rahisi kuliko zote kwenye Tekken: unagusa juu au chini mara moja, mpiganaji anahama mstari, pigo linapita, unamwadhibu kutoka ubavuni. Ilikuwa inafanya kazi kwa sababu kila mpiganaji ana upande wake mbaya, na wewe kazi yako ni kuukumbuka. Upande mbaya ukizibwa, kumbukumbu hiyo yote ya miaka inageuka takataka. Hata wachezaji wa kulipwa walisema waziwazi kuwa hawaitambui gemu. Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, maoni ya siku zile yakageuka mekundu, na kabla Aprili haijaisha likaletwa rekebisho la dharura la kupunguza makali, kisha jingine Mei. Yalisaidia. Lakini kurekebisha namba za mapigo 20 hakurudishi wazo lililoondoka.

Sababu inayotajwa ni mchezaji mpya: eti gemu ya kushambulia ni rahisi kumvuta. Mimi naona ni kinyume. Mchezaji mpya wa Tekken 8 anakutana na wapiganaji zaidi ya 30, kila mmoja na mikao yake, na kila mkao una maswali mawili yasiyoonekana kwa macho. Hajui pigo gani ni la kati na gani la chini, kwa hiyo kila kitu kwake ni bahati nasibu, na kwa kuwa hakuna nafasi ya kupumua katikati, hajifunzi hata kwa nini ameshindwa. Anaona taa za bluu, skrini inaganda, anakufa. Mtu aliyefungwa mara 10 na teke moja analijua lile teke. Aliyefungwa na mvua hajui tone gani limemlowesha.

Sasa kuhusu sisi wa huku, ambao Tekken tuliipokea kwenye vibanda. Tekken 3 ilipofika kwenye PlayStation ya kwanza mwaka 1998, Eddy Gordo alikuwamo kwenye orodha tangu unawasha, na ndiye aliyewafanya watoto wengi waingie kwenye gemu hizi: msalaba na duara, ovyo ovyo, miguu inazunguka, mtu mzima anafungwa na mtoto. Anna na Heihachi walikuwa wamefichwa, na bei yao ilikuwa jasho. Unamaliza arcade, mapambano dhidi ya mashine, na mpiganaji mmoja, anafunguka mmoja. Unamaliza na mwingine, anafunguka mwingine. Kama memori kadi ipo, wanabaki. Kama haipo, mwenye kibanda haruhusu mashine kuzimwa. Kwenye Tekken 8 hawa watatu wote wanauzwa nje ya gemu. Eddy alikuwa wa kwanza, Aprili 2024. Heihachi akafuata Oktoba mwaka huohuo. Anna ndiye aliyefungua msimu wa pili. Na duka la nguo lilifunguliwa kama mwezi mmoja tu baada ya gemu kutoka, wakati magazeti na wachambuzi walishatoa alama zao bila kuliona. Hilo la kusubiri alama kwanza ndilo lililonichefua, kuliko duka lenyewe.

Mwenye kibanda anayetaka kuiweka Tekken 8 ajue mambo haya kabla hajatoa hela, kwa sababu muuzaji hatamwambia. Haipo ya PS4, iwe PS5, Xbox Series au kompyuta. Kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 100, na kwa intaneti ya Mbps 10 isiyokatika hiyo ni saa 22 za kupakua, kwa hiyo PS5 yenye diski ndiyo nafuu. Diski peke yake inakupa gemu kama ilivyochapwa. Marekebisho na wapiganaji wapya wanakuja kwa intaneti.

Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Store, kwa hiyo akaunti za huku hufunguliwa kama za Marekani, Uingereza au Falme za Kiarabu. Mpiganaji anayenunuliwa dukani lazima awe wa ukanda uleule wa diski. Ukiwa na diski ya Ulaya na akaunti ya Marekani, utamlipia Eddy, risiti itakuja, na kwenye orodha ataendelea kuwa na kufuli. Kwa hiyo angalia kwanza kasha la diski. Kama pembeni lina alama ya PEGI ni la Ulaya, ESRB ni la Marekani, kisha ndipo ununue kadi ya fedha ya nchi ya ukanda huo. La pili: mnunue kwenye akaunti moja, halafu ingia Settings, Users and Accounts, Other, na uwashe Console Sharing and Offline Play. Ukifanya hivyo, akaunti nyingine zote kwenye mashine hiyo zinamtumia, hata intaneti ikikatika. Usipofanya, siku laini ikizima na wateja wamejaa, Heihachi anapotea.

Kucheza kwa mtandao sina mengi ya kusema. Teknolojia yake inakisia kitufe chako kisha inajisahihisha, ndiyo maana hata umbali ukiwa mkubwa mpiganaji wako hatembei kama yuko kwenye matope, kama ilivyokuwa kwenye 7. Lakini fizikia haihongeki. Millisekunde 100 kwenda na kurudi ni fremu 6, na gemu ambayo hoja yake nzima ni teke la fremu 20 ukiipunguzia 6 umeshaongeza bahati juu ya bahati. Tumia waya. Kabla hujakubali pambano skrini inakuonyesha kama mwenzako yuko kwa waya au kwa Wi-Fi, na mwenye Wi-Fi mkatae bila haya. Tiba ya kweli ni watu kukaa kwenye benchi moja. Mchezaji Arslan Ash wa Lahore, Pakistan, alitokea kwenye nchi ambayo dunia ya Tekken haikuwa inaitazama, akabeba mashindano makubwa ya Evo Japan na Evo ya Marekani ndani ya mwaka mmoja, 2019, kwa kunolewa na wenzake wa nyumbani uso kwa uso. Mazingira yao na yetu hayapishani sana.

Kwa anayeendelea kucheza, na najua wengi mtaendelea, mazoezi ya zamani ya kombo siku hizi yana faida ndogo kuliko mazoezi ya kukaa ndani ya zile fremu 17. Fungua Practice, mchague mpiganaji anayekusumbua, mrekodie mienendo mitatu: Engager ikifuatiwa na la kati, Engager ikifuatiwa na la chini, Engager ikifuatiwa na kukamata. Mwambie arudie bila mpangilio. Usijaribu kurudisha kipigo, kaa dakika 10 ukizuia tu. Utagundua kwamba mapigo ya chini yanayouma sana kwa kawaida ni ya polepole kidogo, kwa hiyo msimamo wa msingi ni kusimama, na kuchuchumaa ni dau la mara mojamoja. Kukamatwa nako kunavunjika: mkono wa kushoto ukitangulia, mraba, wa kulia, pembetatu, yote miwili, vyote viwili. Anayekula kukamatwa mara tano kwa raundi asilalamikie Heat.

Dhidi ya Heat Burst, kumbuka ngao yake inapokea la juu na la kati tu. Teke la chini linaipasua, na kukamata kunaipasua. Ukishaizuia, usibonyeze ngumi: yeye yuko mbele fremu 1, ngumi yake ya fremu 10 inaiwahi yako kila mara. Dhidi ya Dash iliyozuiwa, ile ya fremu 5, lolote lake la fremu 14 kushuka linaikata ngumi yako, kwa hiyo zuia au sogea pembeni, na pembeni iwe upande ule ambao mpiganaji huyo bado ni dhaifu, kama wameuacha. Heat yako nawe usiitunze kama mahari. Haivuki raundi, ikibaki imekufa. Iwashe mapema, upate na wewe zile 17.

Jambo dogo ambalo linawapotezea watu mapambano: L1. Ukiigusa kwa bahati mbaya unaingia Special Style, ule mtindo wa msaada ambao kitufe kimoja kinatoa kombo, na vitufe vyako vyote vinabadilika maana katikati ya raundi. Nenda kwenye mpangilio wa vitufe ukaiondoe kabisa. Na ufundishe kidole gumba kurudi nyuma bado: nyuma, nyuma, gusa chini-nyuma kukata mwendo, nyuma tena, mara 20 kwa kila upande bila mpiganaji kusimama. Gemu hailipi sana kwa hilo tena, lakini anayeliweza bado anaonekana.

Ningekuwa na ruhusa ya kugusa namba mbili tu, nisingegusa duka wala nguo. Zile 17 ningezishusha hadi 8. Ngumi ya fremu 10 ingetua fremu ya 18: anayeshambulia angeendelea kuwa mbele, teke lake la kurusha la fremu 15 lingeshinda bado, lakini teke la chini la fremu 20 angelitoa kwa hatari yake, na mimi ningekuwa na sababu ya kubonyeza. Na Dash ikizuiwa, sifuri badala ya 5. Anaruhusiwa kufika usoni kwangu. Akishafika, tuanze wote pamoja.